Waliochanjwa Kitabu

Jumatatu asubuhi mwanangu Sekela alitoka chumbani amevaa sare ya shule, akapita mbele yangu nikikaanga maandazi, akapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, shangazi."

Nilicheka. Nani asingecheka? Mtoto wa miaka kumi na tatu, nimemzaa mwenyewe, kwa uchungu ambao nikiukumbuka mpaka leo naushika mgongo. Nikaona ni utani wa wasichana wa siku hizi, nikamjibu, "Marahaba, mtoto wa kaka. Kaa unywe chai."

Yeye hakucheka. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya mapaja, kama mtoto aliyeletwa jana na basi. Nikamsogezea kikombe pamoja na kiporo cha wali, maana kwetu wali ukibaki hautupwi. Akaitazama ile sahani, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Wali haujaiva," akasema.

Mchele ule ulikuwa wa Kyela, umepikwa jana yake, umeiva hadi umechambuka punje punje. Hapo ndipo mafuta yaliponirukia mkononi, na sikuyasikia.

Kwa wale wachache ambao kitabu hicho hakikuwafikia, nieleze upesi. *Wali Haujaiva* ni riwaya ya zama za bibi zetu. Mama mmoja wa Tabora ya zamani anateleka wali, anatoka kwenda kwa jirani kuomba chumvi, na harudi tena. Mtoto wake, Mwanaidi, analelewa na shangazi yake, Shangazi Kibibi, na tangu siku hiyo hali wali. Umkaribishe harusini, msibani, siku ya Idi, jibu lake ni hilo moja: wali haujaiva. Kitabu kinaisha Mwanaidi mwenyewe akiwa kikongwe. Ameteleka sufuria, mlango ameuacha wazi, na mwandishi hasemi kama kuna mtu aliyeingia.

Kwa ajili ya ukurasa huo wa mwisho watu wamenuniana miaka. Mimi niko upande wa wanaosema mama alirudi. Mume wangu, Baba Sekela, yuko upande wa wanaosema alitumbukia kisimani siku ileile. Ndoa yetu imedumu vipi, sijui. Na kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya mpunga kuvunwa, sisi wapenzi wa kitabu hicho tunapika wali na kuweka sahani moja kizingitini, na haiguswi hadi kesho yake. Hapa Tukuyu nyumba zinazofanya hivyo ni nyingi kuliko zisizofanya. Watoto wetu walikuwa wanairuka sahani hiyo wakienda kucheza, hata hawaulizi ni ya nini. Vitabu hawasomi. Wana vioo vya ukutani vinavyowasomea kila kitu, na vikiwachosha wanaviambia vinyamaze.

Hilo lilituuma. Kwa hiyo kampuni moja iliyojiita Simulizi Hai ilipokuja kwenye kikao cha wazazi na kusema inaweza kuwapa watoto kitabu kile bila wao kufungua ukurasa hata mmoja, ukumbi mzima ulisimama. Kuna mama alipiga vigelegele. Vilikuwa vyangu.

Walitumia kibandiko chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kinabandikwa nyuma ya sikio, na mtoto akilala kinafanya kazi. Hakimsimulii kitu, hilo ndilo walilosisitiza sana. Kinakiweka kitabu pale pale kichwani mtu anapoweka mambo aliyoyaona na kuyafanya mwenyewe. Tena hawakukitoa kwenye karatasi. Walisema karatasi ni kavu. Walikitoa kwetu sisi tuliokipenda. Tulikaa ukumbini kwa zamu, kofia za nyavu vichwani, tukaambiwa tukumbuke. Nilimkumbuka yule mama hadi nikalia. Nilimkumbuka Shangazi Kibibi na mwiko aliompigia Mwanaidi hadi meno yakauma. Kila nilichokihisi kikaingia kwenye mashine, kikachanganywa na cha wenzangu, kikapikwa kuwa kibandiko.

Watoto wakapangwa foleni darasani kama wanaochanjwa surua. Ndiyo maana mjini tukaiita chanjo ya kitabu.

Tulitaka wapende tunachokipenda. Wamekipenda. Tatizo ni kwamba hawajui kuwa ni kitabu.

*

Mchana ule nilikwenda sokoni, ingawa sikuwa na la kununua. Nilitaka tu kusikia kama kuna mwingine. Jirani yangu Mama Tumpale, anayeuza parachichi karibu na kituo cha magari ya Kyela, aliniona kwa mbali akapaza sauti.

"Karibu, shangazi!"

Nikasimama. "Na wewe?"

"Tangu jana jioni. Tena huyu wangu, Tumpale, anaficha miiko. Nimeikuta yote juu ya dari. Ugali wa jana nimeusonga kwa mpini wa ufagio, usimwambie baba yake."

Wenzake wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliochoka. Mama mmoja wa upande wa vitunguu akasema wake ni mvulana, na yeye pia ni Mwanaidi. Amevua viatu amekaa kizingitini anamsubiri mama, na mama mwenyewe amesimama nyuma yake na ndoo ya maji, hana pa kupita.

"Nilimwambia, baba, mama ndiye mimi. Akaniambia, asante shangazi, lakini usijisumbue."

"Usijisumbue!" Mama Tumpale akapiga mapaja. "Mtoto nimembeba mgongoni hadi mbeleko ikachanika!"

Nilipotoka hapo nikapanda hadi shuleni. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mwakibete, alinipokea akiwa mlangoni mwa ofisi yake. Inaelekea hakutaka kukaa.

"Mama Sekela, nakuomba usiniulize," akaanza yeye. "Darasa la saba zima linatazama dirishani. Wanagombea madawati ya upande wa barabara. Nikiuliza saba mara nane, wananiuliza kama kutoka hapa hadi kwa jirani kuomba chumvi mtu anaweza kupotea. Jikoni wamepika wali leo. Sahani zote zimerudi kama zilivyokwenda. Mpishi analia, anadhani kaunguza."

"Sasa mwalimu, kampuni inasemaje?"

"Kampuni inasema chanjo imeshika vizuri." Akajifuta uso kwa kiganja. "Inatupongeza."

Nyumbani nilimkuta Baba Sekela amekaa na binti yake wanacheza bao, wanacheka. Kwenye kitabu kile hakuna baba. Mwandishi hakumtaja kabisa, hata kwamba alikufa. Kwa hiyo akina baba wa mji huu hawakuguswa. Sekela alimwita baba kama alivyomwita siku zote, akamwegemea bega kama siku zote, na mimi nikiingia akakaa wima, akaanza kukusanya kete.

Nilimwita mume wangu nje, kwenye migomba.

"Unafurahi," nikamwambia.

"Sifurahi. Ila mtoto ana afya, anakula ndizi, ana adabu. Kitapita."

"Ananiita shangazi, Baba Sekela! Ananiogopa! Nikiinua mkono kujikuna anafumba macho!"

"Wewe ndiye ulipiga vigelegele."

"Na wewe ndiye uliyesimama kikaoni ukasema watoto wa siku hizi hawana kitabu kichwani."

"Sasa wanacho," akasema, na alipoona uso wangu akatamani angenyamaza.

*

Kliniki ya kampuni walikuwa wameifungua kwenye jengo la zamani la posta. Fundi wake alikuwa dada mpole anaitwa Lugano, mwenyeji wa hapa hapa, amesomea kazi hiyo Dodoma. Alimpima Sekela kwa kufagia kijiti cha chuma juu ya nywele zake, akatazama mistari kwenye kioo chake, kisha akamwomba mtoto atusubiri barazani.

"Mama, nikueleze kwa namna gani?" akaniuliza.

"Namna yoyote ambayo si ya mkutanoni."

Akacheka kidogo. Akavuta kiti karibu.

"Mgomba unaujua. Shina moja, chipukizi ubavuni, na chini udongoni mizizi imeshikana. Sasa Sekela alikuwa na shina lake, ambalo ni wewe. Kunyonyeshwa, kubebwa, kuogeshwa, kuugua ukamkesha. Kitabu kilipoingia kilitafuta mahali pa kumweka mama wa Mwanaidi. Kichwa hakina pa mama pawili. Kikamweka papo hapo, na yule akaota kwa nguvu, maana aliletwa na mapenzi ya watu wengi sana kwa pamoja."

"Mapenzi yetu."

"Ndiyo. Na wewe uso wako ukabaki hauna pa kukaa. Kichwa kikautafutia kazi kwenye kitabu, kikaona aliyemlea Mwanaidi ni shangazi. Kikakupa hiyo."

"Basi ung'oe."

"Naweza. Ila jembe nikilishusha pale halichagui mzizi. Nikimtoa yule mama, nitatoka na kile alichojishikiza nacho. Atajua wewe ni mama yake. Atajua kama anavyojua jina la mkoa. Ile hali ya kukuhisi, hiyo sina ahadi."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, chanjo itakomaa Ijumaa. Baada ya hapo hata mimi siwezi kuigusa. Atakuwa na mama aliyekwenda kuomba chumvi hakurudi, atamsubiri maisha yake yote. Na atakuwa na shangazi." Akatazama tena kioo chake. "Ila nikuambie na hili. Mistari yake ya mapenzi ni mirefu kweli. Sijawahi kuona mtoto anayempenda mama kiasi hicho. Ni kwamba tu hajui kuwa ni wewe."

Nilimtazama dada yule nikatafuta la kumtukana, nikakosa. Ofisini kwao walimfundisha kubandika na kubandua. Swali la nani awe mama wa nani hawakumfundisha. Wangelifundisha wapi?

"Wangapi wameng'oa?" nikauliza.

"Wa kwanza ni kesho. Mama Tumpale."

*

Alhamisi nilifungua sanduku la nguo za marehemu mama yangu nikatoa kitabu chenyewe. Jalada limeshikizwa kwa gundi ya unga wa muhogo, kurasa zimejikunja pembeni kwa vidole vya watu waliokwisha kufa. Mama alinisomea hicho mvua ikipiga bati, akifika mahali pa mwiko ananifunika masikio kwa utani. Nilijiambia, mtoto akiona kwa macho yake kwamba Mwanaidi ni wino, akili itamrudi.

Nikamwekea mezani. "Soma."

Sekela alikigeuza huku na huku kama mtu aliyepewa kufuli bila ufunguo. Akaanza. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Nilikaa karibu nikimenya viazi, macho yangu yote kwake. Baada ya kurasa kadhaa akainua kichwa.

"Nani kaandika habari zangu?"

"Si habari zako. Ni hadithi. Imeandikwa kabla bibi yako hajazaliwa."

"Basi ameandika vibaya. Mlango wetu haukuwa wa kijani."

"Sekela, mwanangu. Wewe umezaliwa hospitali ya hapa Tukuyu. Tabora hujafika hata kwa kupita."

Akakunja mkono wa sare hadi kwenye kiwiko, akanionyesha baka lake la kuungua. "Na hili?"

"Hilo ni la chai. Ulikuwa na miaka miwili, ukavuta kitambaa cha meza, birika likakufuata. Nilikukimbiza hospitali miguu mitupu."

"Ndivyo unavyosema siku zote," akasema kwa sauti ya upole iliyonikata zaidi ya makelele. "Ulinipiga kwa mwiko wa moto, shangazi. Sijakuchukia. Ila usinidanganye."

Nikaweka kisu chini. "Haya. Nitakuonyesha mahali penyewe pa mwiko, uone kwamba ni Mwanaidi na Kibibi, si mimi na wewe. Lete."

Nikafungua. Mahali pa mwiko mimi napajua. Ni baada ya msiba wa jirani, kabla ya safari ya kisimani. Nikatafuta. Nikarudi nyuma. Nikaenda mbele. Nikaanza mwanzo nikapita na kidole kama yeye, viazi vikibadilika rangi kwenye beseni, na mwiko wa kumpigia mtoto sikuuona. Mwiko upo. Kibibi anaushika akikoroga uji. Mwanaidi anamwambia maneno makali, Kibibi anaunyanyua, halafu anauweka mezani, anatoka nje. Ndiyo basi. Hampigi. Mama yangu alinifunika masikio, na mimi nikayasikia mapigo ambayo hayakuandikwa.

Kisha kuna ile sura ndefu ambayo kila mtu huiruka, ya reli. Mimi pia niliiruka, tangu utoto. Nikaisoma siku hiyo. Inahusu Kibibi. Kila treni inapoingia anakwenda stesheni, anasimama mbele ya mabehewa, anauliza wanaoshuka kama wamemwona wifi yake, mwembamba, ana pengo, alitoka kuomba chumvi. Watu wanamkwepa. Anarudi nyumbani, hasemi alikotoka, anapika. Mwandishi kaiandika hivyo kurasa na kurasa, treni baada ya treni, inachosha kweli. Ndiyo maana tuliiruka. Sote tuliokaa ukumbini na nyavu vichwani hakuna aliyeikumbuka, kwa hiyo haimo kwenye kibandiko.

"Sekela," nikasema. "Hakupigwa. Soma mwenyewe. Hapa."

Akasoma. Akasoma tena. Nilimwona uso unahangaika, nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Akafunga kitabu. "Kitabu kimekosea," akasema. Akakirudisha mezani kwa heshima, kwa mikono miwili, akaenda kukaa kizingitini.

Jamani. Nilitamani nimtafune.

*

Mama Tumpale alikuja jioni hiyo hiyo, jua bado liko juu ya mashamba ya chai. Alikuja na binti yake. Tumpale alikuwa rafiki wa Sekela tangu wakiwa wanatambaa, mtoto wa makelele, huwezi kumkaribisha ukamaliza sentensi.

"Shikamoo, mama," akanisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

"Ndiyo, mama. Nimepona."

Nikampa wali. Akala wote, akashukuru, akapeleka sahani jikoni, akaiosha. Mama yake alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama mzigo uliofika na kamba zake zote.

"Unaona?" akaniambia. "Anakula. Ananiita mama. Jana usiku kaniambia lala salama mama. Miiko kairudisha mwenyewe."

"Sasa mbona uso huo?"

Akainuka kumfuata binti jikoni. Tumpale alikuwa anarudi, na mama yake akiwa anashuka ngazi ya nyuma, ile yenye utelezi, akateleza. Akaanguka chini kabisa, kishindo, kanga huku, kiatu kule. Mimi nikapiga kelele. Sekela, aliyekuwa kizingitini, akaruka na kukimbia. Tumpale alisimama. Akamtazama mama yake aliye chini, akasema vizuri tu, "Pole, mama," akangoja.

Sekela ndiye aliyemwinua.

Mama Tumpale alijikung'uta matope, akasema hakuumia. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono akaubana. "Ananiita mama," akasema tena, "kama anavyokuita wewe. Kama anavyomwita yeyote." Akamtangulia binti yake njiani, na yule binti akamfuata kwa umbali mzuri wa heshima.

Niliwaambia wengi baadaye na ninaandika hapa pia, kwa mama yeyote ambaye kikao chake bado hakijafika. Watakuja na kitabu unachokipenda. Hawatakuja na unachokichukia, wana akili. Watakuuliza, hutaki mtoto wako ahisi ulivyohisi wewe? Nawe utataka, maana kitabu ukikipenda hivyo unakuwa kama mlevi, unataka kila mtu aonje kutoka glasi yako. Mnyime. Mwache akirushe chini, aseme kinachosha, aruke sura ya reli. Mapenzi yangu kwa Mwanaidi niliyapata kwa kuchoka na kurudia, na kumchukia mama yangu aliponizimia taa nikiwa sijamaliza. Hayo kibandiko hakina. Kina sukari tu.

*

Ijumaa baraza la kliniki lilijaa. Akina mama wamekaa na watoto wao, na kila mtoto anamtazama mama yake kama mtu wa ukoo. Baba Sekela alikuja nasi. Safari hii hakuwa na utani. Njia nzima alikuwa akinishika kiwiko penye tope.

"Mimi nasema ung'oe," akaninong'oneza. "Ndiyo, atapoa. Lakini ukweli utakuwepo. Mapenzi yatakuja upya."

"Na yasipokuja?"

"Na akikaa maisha yake yote anasubiri mtu ambaye hayupo? Hiyo ni haki?"

Nataka nimtendee haki mume wangu: hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mpaka leo ni nzuri kuliko yangu.

Lugano akatuita. Kiti cha kung'olea kilikuwa kama cha kinyozi. Sekela alikaa bila ubishi, akageuza sikio. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya kidole, mzazi aweke dole gumba. Nikanyoosha mkono.

"Shangazi," Sekela akasema. Alikuwa hatazami kioo, alikuwa anatazama mlango. "Naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

"Ukishanitoa mama, akirudi nani atamtambua?"

"Sekela, mama yako hajaenda popote. Ndiye huyu. Ndiye mimi." Nililisema kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi wiki ile, na nilisikia mwenyewe jinsi nilivyochoka.

"Najua ndivyo unavyotaka," akasema. "Tumpale alitaka hivyo pia ili mama yake afurahi. Sasa nikimuuliza ulikuwa unampenda vipi, ananiambia hakumbuki kama kulikuwa na namna." Akajishika kifua. "Mimi nakumbuka. Alikuwa ananishika kifua nikikohoa, mkono wake unanuka vitunguu. Alikuwa ananiambia pumua na mimi, pumua na mimi, hadi kinaachia. Hicho sitaki kitoke. Kingine chukueni. Mwiko chukueni."

Kwenye *Wali Haujaiva* hakuna mtoto mwenye pumu. Hakuna ukurasa kama huo, wala hakuna msomaji aliyeuota. Sekela alikuwa na pumu hadi alipofika miaka saba, na vitunguu ni vyangu, nilikuwa nauza vitunguu.

Nilimtazama Baba Sekela. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Lugano," nikasema, "hicho anachokisema, kimo kwenye mzizi?"

Fundi alitazama mistari yake. "Kimo, mama. Ndicho kilichoushika zaidi."

Nikaurudisha mkono mfukoni.

"Una hakika?" Lugano akauliza. "Baada ya leo hairudi nyuma."

"Hakika sina. Mtoe kwenye kiti."

Baba Sekela alitoka nje akasimama ukutani, na nilipompita aliniambia tu, "Nyie tangulieni." Nikamwacha. Mtu ana haki ya kukasirika peke yake.

Sekela alitangulia. Alitembea haraka, mabega juu, bado hajaamini kwamba sitambadilikia njiani. Mvua ilianza, ile nyembamba ya kwetu isiyo na sauti. Nilimfuata na mwavuli, nikitelezateleza, nikimwita anisubiri, naye hanisubiri. Tukafika barabara kuu ya mpakani, ambako malori yasiyo na dereva yanapita yamefuatana kama siafu na hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu. Hapo akasimama ukingoni. Hakugeuka. Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akauacha hewani mvua inauloanisha.

"Shangazi, fanya haraka basi," akasema kwa hasira. "Mbona unatembea kama umebeba kinu?"

Nikaushika. Ulikuwa wa moto.

"Nakuja," nikasema. "Na usinivute."

Akanivuta.